Dawa Anayoifanya Mgonjwa Mwenyewe: Fiziotherapia, Maumivu na Kurudi Kutembea

Mtu akishikwa na mgongo kwetu, njia atakayopita inajulikana mapema. Kwanza atachuliwa kwa mafuta na kumeza vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa. Maumivu yasipokoma, atachomwa sindano zahanati. Yakizidi, ataambiwa alale kwenye kitanda kigumu, asiiname, asinyanyue hata ndoo ya maji. Baada ya miezi mingi ataandikiwa picha ya MRI. Mwisho kabisa, tumbo likiwa limechoshwa na dawa na akiba imekwisha, ndipo mtu atakapomtajia fiziotherapia. Anafika huko misuli imeshapungua, anaogopa kuinama, na anasubiri mashine imponye.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba mpangilio huo umekaa kinyume. Kwa maradhi mengi ya mgongo, magoti, mifupa na neva, fiziotherapia inapaswa kuwa miongoni mwa hatua za mwanzo. Mashine na mikono ya mtaalamu vina nafasi yake katika tiba hiyo, lakini kiini chake ni mazoezi yanayotolewa kwa kipimo: aina gani, kiasi gani, mara ngapi kwa siku, lini yaongezwe na lini yapunguzwe. Na anayeyafanya ni mgonjwa mwenyewe. Asiyelielewa hilo anaweza kulipia vikao vingi na kurudi nyumbani na maumivu yaleyale.

Jambo lenyewe ni kubwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao bilioni 2.4 wanaishi na hali za kiafya ambazo zingenufaika na huduma za utengamao, yaani huduma za kumrudishia mtu uwezo wa kujimudu na kushiriki maisha. Fiziotherapia ni nguzo mojawapo kuu ya huduma hizo. Maumivu ya kiuno peke yake yaliwagusa watu milioni 619 mwaka 2020, na inakadiriwa watafikia milioni 843 ifikapo 2050. Hayo ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwafanya watu waishi na ulemavu.

Mwili usiotumika

Ili kuelewa kwa nini mazoezi yanatibu, tutazame kwanza kitanda kinafanya nini. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 uliwachukua wazee wachache wenye afya njema, wakakubali kulala kitandani kwa siku 10 mfululizo. Hawakuwa wagonjwa na walikuwa wakila vizuri. Hata hivyo, walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu, na nguvu za kunyoosha goti zikashuka waziwazi. Mzee anayelala wiki tatu kwa sababu ya nyonga au nimonia anapoteza zaidi ya hapo, na huenda akainuka akiwa hawezi tena kwenda msalani bila kushikwa. Ndugu watasema ni uzee umeingia, kumbe sehemu kubwa ya udhaifu huo imetokana na kitanda.

Misuli haipungui peke yake. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye maungio, haina mishipa ya damu kwa mtu mzima. Lishe yake hutoka kwenye maji ya ndani ya kiungo, ambayo huingia na kutoka kadiri kiungo kinavyobanwa na kuachiwa. Kiungo kisichojongea kinainyima gegedu chakula. Mfuko unaozunguka kiungo nao husinyaa na kukaza, na ndiyo maana goti au bega lililokaa wiki nyingi bila kukunjwa hugoma hata jeraha la awali likishapona. Mfupa wenyewe hujijenga kulingana na uzito unaobebeshwa; kanuni hiyo aliiandika daktari Mjerumani, Julius Wolff, mwaka 1892. Mifupa isiyobeba mzigo hupoteza madini. Ongeza hapo damu kuganda miguuni, vidonda vya mgandamizo na mapafu kujaa makohozi.

Mapumziko yana mahali pake. Mfupa uliovunjika jana, kiungo chenye usaha, kano iliyokatika na kushonwa: vyote vinahitaji kulindwa kwa muda. Tatizo ni pale ulinzi wa siku chache unapogeuka kuwa mtindo wa maisha, na hakuna aliyepanga siku ya kuanza kurudi.

Maumivu na uharibifu havilingani daima

Kinachowazuia watu wengi kujongea ni imani kwamba kila maumivu ni ishara ya kitu kuchanika. Kwa jeraha jipya imani hiyo ina ukweli mwingi. Kwa maumivu yaliyodumu zaidi ya miezi mitatu, ukweli wake hupungua sana.

Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za migongo ya watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Miongoni mwa wenye miaka 80, ni asilimia 96. Diski zilizovimba kuelekea nje zilionekana kwa asilimia 30 ya vijana hao wa miaka 20. Hawa wote walikuwa wakitembea, wakifanya kazi na kulala usingizi bila malalamiko. Picha ya MRI, basi, inaweza kuonyesha mabadiliko ya umri yanayofanana na mvi za kichwani, yakachukuliwa kuwa ndiyo chanzo cha maumivu. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba pingili zake zimesagika hutoka na hofu, na hofu humfanya akaze mgongo, aache kuinama na kuacha shughuli zake. Udhaifu unaofuata huzaa maumivu mapya, na mgonjwa huona hofu yake imethibitika.

Sayansi ya maumivu inaeleza kwa nini haya hutokea. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza kwamba taarifa za maumivu zikifika kwenye uti wa mgongo hukuta kitu kama lango, ambalo hufunguka au kujifunga kutegemea taarifa nyingine zinazotoka mwilini na amri zinazoshuka kutoka kwenye ubongo. Mtu aliyejigonga kiwiko hukisugua bila kufundishwa, na maumivu hupungua. Nadharia hiyo imerekebishwa sana tangu hapo, lakini msingi wake umebaki: maumivu hutengenezwa na mfumo mzima wa fahamu, na mfumo huo unaweza kuwa mwepesi kupita kiasi. Mtu aliyekosa usingizi, mwenye msongo wa mawazo, au aliyeishi na maumivu muda mrefu, huumia kwa kichocheo kidogo kuliko zamani. Maumivu yake ni ya kweli kabisa, ila hayapimi ukubwa wa jeraha.

Hapa ndipo mazoezi yanapofanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwanza yanaamsha njia za mwili za kutuliza maumivu, ndiyo maana mtu huona nafuu baada ya kutembea kwa muda. Pili, kila mara anapoinama bila dhara kutokea, ubongo hupokea ushahidi kwamba kuinama ni salama. Kazi hii ya pili huenda polepole, na inahitaji mtaalamu anayejua kueleza kama anavyojua kufundisha mazoezi.

Mgongo: wa siku chache na wa miezi mingi

Kwa maumivu mapya ya mgongo, utafiti uliochapishwa mwaka 1995 kutoka Helsinki, Ufini, unafaa kukumbukwa. Watumishi 186 wa jiji hilo waligawanywa makundi matatu: kundi la kwanza lililala siku mbili, la pili lilipewa mazoezi ya kunyoosha mgongo, na la tatu liliambiwa liendelee na shughuli za kawaida kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona vizuri zaidi ni wa kundi la tatu. Kwa hiyo katika siku za mwanzo, huduma bora ya mtaalamu huenda ikawa mazungumzo ya nusu saa: kumchunguza mgonjwa, kumhakikishia usalama, kumwonyesha namna ya kugeuka kitandani na kuinuka, na kumrudisha kazini mapema. Mtaalamu mwaminifu hatamwandikia vikao kumi asivyovihitaji.

Maumivu sugu ni habari nyingine. Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza elimu kwa mgonjwa, programu za mazoezi, msaada wa kisaikolojia, na baadhi ya tiba za mikono kama kuchua. Unashauri dhidi ya mikanda ya kiuno, mashine za kuvuta mgongo na dawa kali za jamii ya afyuni kwa wagonjwa wa kawaida wa tatizo hili. Hakuna aina moja ya mazoezi iliyothibitika kuzishinda nyingine zote, na hilo ni habari njema kwa mtu asiye na vifaa. Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwafuatilia watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Waliofundishwa programu ya kutembea kwa miguu, iliyoongezwa taratibu chini ya usimamizi wa mfiziotherapia, walikaa wastani wa siku 208 kabla ya maumivu kurudi. Wasiopewa programu hiyo walikaa siku 112. Kutembea hakuhitaji umeme wala kifaa. Kunahitaji mtu wa kupanga kiasi na kufuatilia.

Kuna migongo ambayo haipaswi kuanza na mazoezi. Mgonjwa anayeshindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, mwenye ganzi sehemu za siri na mapaja ya ndani, au anayeishiwa nguvu miguuni siku hadi siku, anahitaji hospitali leo hii. Mwenye homa, jasho la usiku na kukonda anahitaji kuchunguzwa kifua kikuu cha mgongo, ambacho bado kipo katika nchi zetu. Mwenye historia ya saratani, au aliyeanguka kutoka juu, naye aanze kwa daktari. Mfiziotherapia aliyefunzwa vema huzitafuta dalili hizi kabla ya kumgusa mgonjwa.

Goti na kano: mzigo unaoponya

Mama wa miaka 55 ambaye magoti yanamuuma akipanda ngazi huambiwa yamekwisha mafuta, ayapumzishe. Ushauri unaofaa zaidi ni kuimarisha misuli ya mbele ya paja na ya nyonga, kupunguza uzito ukiwa mkubwa, na kuendelea kutembea. Misuli hiyo hupokea sehemu ya mshindo kila hatua, na ikiwa dhaifu goti hubeba peke yake. Nafuu inayoletwa na mazoezi kwa goti lililochakaa ni ya kiasi, haifuti ugonjwa, na huisha mtu akiacha. Lakini inakaribiana na ile inayotolewa na vidonge, bila kuumiza tumbo wala figo.

Hata pale upasuaji unapozungumziwa, inafaa kuuliza kama fiziotherapia imejaribiwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 uliwahusisha watu 351 wenye umri wa miaka 45 na zaidi, waliochanika gegedu ya katikati ya goti huku goti likiwa limeanza kuchakaa. Nusu walifanyiwa upasuaji pamoja na fiziotherapia, nusu walianza na fiziotherapia pekee. Baada ya miezi sita makundi hayo hayakutofautiana kwa maana katika uwezo wa kutenda. Ni kweli kwamba asilimia 30 hivi ya walioanza na mazoezi waliamua kupasuliwa ndani ya muda huo, na walikuwa na haki hiyo. Waliobaki walikwepa kisu.

Kano zinatoa mfano ulio wazi zaidi. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake nchini Sweden waliwapa wakimbiaji 15 wenye maumivu sugu ya kano ya kisigino zoezi hili: kusimama kwenye ukingo wa ngazi na kushusha kisigino taratibu, seti 3 za mara 15, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12. Waliruhusiwa kuendelea hata kano ikiuma kiasi, na zoezi likizoeleka waliongeza uzito mgongoni. Wote walirudi kukimbia. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba mazoezi mazito ya polepole ya kupanda na kushuka yanafanya kazi sawasawa. Kilichotibu ni mzigo uliopangwa na kuongezwa, kwenye tishu ambayo wengi wangeifunga bandeji na kuipumzisha.

Baada ya bodaboda

Wodi za mifupa za Afrika Mashariki zimejaa vijana walioanguka na pikipiki. Kijana wa miaka 24 aliyevunjika paja huwekewa chuma, mshono hukauka, na wiki chache baadaye anaruhusiwa. Kwa familia, matibabu yamekwisha. Kwa mguu wake, nusu ya kazi ndiyo inaanza. Misuli ya paja imenyauka na goti halikunji, kwa sababu tangu ajali analilinda. Asipopata mtu wa kumfundisha, mfupa utaunga vizuri kwenye picha ya eksirei huku yeye akitembea kwa kuchechemea maisha yote, na hatamudu tena kuchuchumaa wala kurudi kwenye kazi iliyomlisha.

Kazi hii huanza wodini: kukaza misuli ya paja na kuiachia akiwa amelala, kupandisha na kushusha unyayo ili damu isigande, kukunja goti kila siku kadiri daktari alivyoruhusu. Kisha magongo. Hapa kuna mambo madogo yanayofanya tofauti kubwa, na wagonjwa wengi hawaambiwi. Mkono wa gongo uwe usawa wa kifundo cha mkono mtu akisimama wima, na uzito ubebwe na viganja, si makwapa, kwani neva za kwapani huumia zikibanwa. Anayetumia fimbo moja aishike mkono ulio kinyume na mguu mbovu, maana hivyo ndivyo nyonga inavyopunguziwa mzigo. Kupanda ngazi, mguu mzima unatangulia. Kushuka, mguu mgonjwa ndio unaotangulia. Na kila wiki kuwe na swali la kumwuliza daktari: sasa naruhusiwa kukanyagia uzito kiasi gani?

Tusiwasahau wanaoanzia kwa waganga wa mifupa. Baadhi ya waganga hao wana uzoefu wa kunyoosha na kufunga mivunjiko midogo, na jamii inawaamini. Lakini kufunga vijiti kwa nguvu huzuia damu, na kidole kinachokuwa baridi, chenye ganzi au cheusi kinaweza kuishia kukatwa. Kuchua kwa nguvu kiwiko cha mtoto kilichovunjika kunaweza kufanya mfupa uote ndani ya misuli, na kiwiko kikafunga kabisa. Kiungo kilichovimba ghafla baada ya kuanguka hakichuliwi kabla ya kupigwa picha.

Kiharusi: kuufundisha ubongo upya

Kwa mtu aliyepata kiharusi, mkono na mguu havina kosa. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayoviamrisha. Matumaini yanatokana na uwezo wa ubongo kujipanga upya: sehemu zilizosalimika huchukua baadhi ya kazi zilizopotea, kwa sharti kwamba kazi hizo zirudiwe mara nyingi sana. Sehemu kubwa ya uwezo wa kujongea hurudi katika miezi mitatu ya kwanza, ingawa maendeleo huweza kuendelea kwa miaka. Wiki zinazopotea mwanzoni kwa kusubiri nauli au barua ya rufaa ndizo ghali kuliko zote.

Je, kuanza mapema zaidi ni bora zaidi? Swali hili lilipimwa katika utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa 2,104 katika nchi tano. Kundi moja liliinuliwa kitandani ndani ya saa 24 na kupewa mazoezi mengi. Jingine lilipata huduma ya kawaida. Baada ya miezi mitatu, waliokuwa na hali nzuri walikuwa asilimia 46 katika kundi la mazoezi mengi, na asilimia 50 katika kundi la kawaida. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba vipindi vifupi vya mara kwa mara vilifaa kuliko vipindi virefu. Matokeo haya hayatetei kulala. Yanatetea kipimo: ubongo uliotoka kuumia unahitaji kuamshwa, lakini haupaswi kuchoshwa.

Baadaye kipimo hupanda. Edward Taub wa Marekani alijenga mbinu ya kuufunga mkono mzima ili mgonjwa alazimike kuutumia ule dhaifu. Katika jaribio la wagonjwa 222 lililochapishwa mwaka 2006, waliofanya hivyo kwa wiki mbili, wakifanya mazoezi kwa saa nyingi kila siku, walipata maendeleo yaliyodumu angalau mwaka mmoja. Mbinu hii huwafaa wale ambao vidole na kifundo cha mkono vimeanza kujongea japo kidogo.

Nyumbani, upendo wetu unaweza kuwa kikwazo. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na kwa desturi hiyo njema baba aliyepata kiharusi atalishwa, atavishwa, ataogeshwa na kugeuzwa. Kila tendo analofanyiwa ambalo angeweza kulifanya kwa tabu ni zoezi alilonyimwa. Aachwe ashike kikombe kwa mikono miwili, avae shati akianza na mkono uliopooza, ainuke kitini mara kumi kabla ya chakula cha mchana huku mtu amesimama karibu. Bega lililolegea lisivutwe. Anayemsaidia amshike kiunoni au mgongoni badala ya kumnyanyua kwa mkono, kwa kuwa bega hilo hutoka mahali pake kwa urahisi na maumivu yake hukwamisha mazoezi yote.

Watoto

Kwa watoto, muda una uzito zaidi. Karibu mtoto mmoja katika kila 800 hadi 1,000 huzaliwa na mguu kifundo, nyayo zikiwa zimepinda ndani na chini. Daktari Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alionyesha kwamba miguu hiyo hunyooshwa bila upasuaji mkubwa: mguu hukunjuliwa kwa mikono taratibu, hufungwa hogo, na hogo hubadilishwa kila wiki, mara tano au sita hivi. Mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kidogo mwishoni. Kisha hufuata sehemu inayowashinda wazazi wengi: viatu vilivyounganishwa kwa chuma, vinavyovaliwa karibu mchana na usiku kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala hadi mtoto afike miaka minne au zaidi. Viatu vikiachwa mapema mguu hurudi kupinda. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam imejijengea jina kwa huduma hii, na watoto wanaotibiwa mapema hukua wakikimbia na wenzao.

Mtindio wa ubongo hautibiki kwa namna hiyo, na mzazi anastahili kuambiwa ukweli. Fiziotherapia humsaidia mtoto kushika kichwa, kukaa, kusimama kwa msaada, kula bila kupaliwa na kuepuka viungo kukakamaa. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwenye mkeka nyumbani, mama akiwa amefundishwa namna ya kumbeba, kumlaza na kucheza naye.

Mikono, mafuta na mashine

Kuchua ni tiba ya kale katika pwani yetu na bara. Mzazi aliyetoka kujifungua hukandwa kwa maji ya moto, mtoto hunyooshwa viungo kwa mafuta, mzee huchuliwa magoti jioni. Joto na mguso hutuliza kweli: hulegeza misuli, hupunguza wasiwasi, na huupa mfumo wa fahamu taarifa zinazoshindana na maumivu. Nafuu hiyo hudumu saa chache hadi siku chache. Mfiziotherapia mzuri huitumia nafasi hiyo, kiungo kikiwa kimelegea, kumfanyisha mgonjwa mazoezi ambayo dakika kumi kabla yake yangemshinda.

Mashine zina ushahidi mdogo kuliko heshima zinazopewa. Kwa maumivu sugu ya kiuno, mwongozo wa WHO haupendekezi mashine ya mawimbi ya sauti wala ile ya umeme mdogo wa kusisimua neva. Kuna hali nyingine ambapo umeme wa kusisimua misuli husaidia, kwa mfano baada ya upasuaji wa goti pale paja linapokataa kukaza. Lakini kikao ambacho mgonjwa analala nusu saa chini ya mashine, kisha anavaa viatu na kuondoka bila kufundishwa hata zoezi moja, kimekosa kiini cha tiba.

Nani anafikiwa

Taaluma hii ina historia ndefu. Pehr Henrik Ling alianzisha taasisi ya mazoezi Stockholm mwaka 1813. Uingereza, wauguzi wanne waliunda chama cha wachuaji waliofunzwa mwaka 1894. Vita vya dunia na milipuko ya polio viliifanya kuwa ya lazima. Tanzania, shule ya fiziotherapia ya hospitali ya KCMC mjini Moshi imetoa wataalamu kwa miongo mingi, na hapohapo tangu mwaka 1981 kuna chuo cha TATCOT kinachofunza mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliundwa mwaka 1996. Kenya ilipitisha sheria ya wafiziotherapia mwaka 2014 na kuunda baraza la kuwasimamia.

Hata hivyo, WHO inasema nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati zina wataalamu wa utengamao wasiofika 10 kwa kila watu milioni moja, na katika baadhi ya nchi hizo zaidi ya nusu ya wanaozihitaji huduma hizi hawazipati. Wachache waliopo wamekusanyika hospitali kubwa za mijini. Mgonjwa wa kiharusi aliyepooza upande mmoja hawezi kupanda daladala mara tatu kwa wiki. Anahitaji gari la kukodi na mtu wa kumsindikiza, na wote wawili wanaacha kazi. Baada ya vikao vichache familia husimama, na rekodi ya hospitali huandika kwamba mgonjwa hakurudi. Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuziimarisha huduma za utengamao ndani ya mifumo ya afya. Azimio hilo litakuwa na maana kwetu pale huduma itakaposhuka hadi kituo cha afya cha kata.

Kushuka huko kunawezekana kwa sababu tiba hii haina gharama kubwa ya vifaa. Mfiziotherapia mmoja wa wilaya anaweza kupanga programu, akawafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii kuifuatilia, akapiga simu kila wiki mbili kuongeza kipimo. Tabibu wa zahanati anaweza kufundishwa kutambua dalili za hatari, kumhakikishia mgonjwa wa mgongo kwamba kutembea ni salama, na kumwandikia rufaa wiki ya kwanza ya kiharusi. Bima za afya zinaweza kulipia huduma ya nyumbani kwa asiyeweza kusafiri. Wodi ya mifupa inaweza kuweka kanuni kwamba hakuna anayeruhusiwa kuondoka bila karatasi yenye mazoezi yake, kiasi cha uzito anachoruhusiwa kukanyagia, na tarehe ya kurudi.

Mgonjwa naye ana maswali ya kumwuliza mtaalamu katika kikao cha kwanza. Tatizo langu ni nini, kwa lugha ninayoielewa? Lengo letu ni nini: kupanda ngazi, kurudi shambani, kusujudu bila kiti? Nifanye zoezi gani nyumbani, mara ngapi, na likiuma kiasi gani niache? Tutajuaje baada ya wiki nne kama tunaelekea mbele? Mtaalamu anayejua kazi yake atayafurahia maswali hayo. Anayekosa majibu, akaelekeza kwenye mashine, abadilishwe. Na mgonjwa aliyepata majibu, akaenda nyumbani asifanye chochote, ajue kwamba ameiacha dawa mezani. Hakuna mwingine anayeweza kuimeza kwa niaba yake.